Hata kwa Hiari ya Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 4
Hali ya hewa: mvua tangu alfajiri. Barabara: tope mpaka kifundo cha mguu. Mzigo: mimi, gongo langu na mkate mmoja.

Naanza daftari jipya, la zamani limejaa. Miaka kumi na tisa niliendesha malori ya jeshi, na dereva wa jeshi hulala bila kula lakini halali bila kujaza kitabu cha gari. Nilistaafu na nyonga iliyovunjika. Gari walilichukua, tabia wakaniachia. Mume wangu, Fundi, anayetengeneza saa na hajawahi kukimbilia kitu chochote maishani, anasema ninaandika kwa sababu nimekosa watu wa kuwapigia honi.

Leo Kapteni aliniita ofisini kwake, ghorofani juu ya duka la magodoro. Alikuwa mkuu wa kikosi chetu, naye amestaafu kama sisi. Miaka minne iliyopita alifungua ofisi ya kuwasaidia askari wastaafu kufuatilia mafao. Unampelekea kadi yako, ofisi inaikalia, inahangaika na makaratasi na foleni kwa niaba yako, na kila mwisho wa mwezi unapanda ngazi kuchukua kinachobaki baada ya ofisi kukata chake. Mimi ni Mratibu wake wa mtaa huu. Wenzangu kumi na saba wameingia kwa mkono wangu. Silipwi. Nimepewa kofia yenye maandishi, na kiti chenye cheo changu mgongoni, na nakiri nakipenda kiti hicho.

Kapteni anasema Bunge linaleta muswada wa kuwalinda wastaafu wa jeshi dhidi ya matapeli wa mafao. "Matapeli wenyewe eti ndio sisi, Sajini," akacheka. "Kamati inakuja kukusanya maoni mwezi ujao. Nataka kikosi kizima ukumbini, sare na bereti. Na nataka sauti yako."

Nikajibu "Ndiyo, afande" kabla hajafunga mdomo. Lori langu lilipopinduka na kushika moto, ni yeye aliyeingiza mikono kwenye moshi akanivuta nje. Mtu wa namna hiyo huwezi kumjibu vingine.

Jumanne, tarehe 5
Mvua. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana. Fundi ameweka sufuria, kisha akashika saa kupima matone yanapishana kwa muda gani. Nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na sita.

Alhamisi, tarehe 7
Mvua ya rasharasha, tope la jana liko palepale.

Amekuja dada mmoja mlangoni, viatu mkononi, miguu imepakaa tope mpaka magotini. Akaamkia vizuri. Karani wa kamati ya Bunge, anagawa nakala za muswada nyumba kwa nyumba.

"Peleka kwingine, mwanangu," nikamwambia. "Hapa hajatapeliwa mtu."

"Sawa, mama. Kadi yako ya mafao unayo?"

"Ipo mahali salama."

"Mahali salama ni wapi?"

Nikamwambia hana adabu. Hakukasirika. Alichukua kalamu akazungushia kifungu cha tisa: ni marufuku mtu yeyote kushika, kutunza au kutumia kadi ya mafao ya askari mstaafu, hata kwa hiari ya mwenyewe.

"Haya maneno matano ya mwisho ndiyo yanayogombaniwa," akasema. "Wenye ofisi wanataka yaondolewe. Yakiondoka, sheria yote inabaki ganda la yai, maana kila tapeli ana karatasi yenye sahihi ya mzee inayosema alitoa kwa hiari."

"Mimi yangu nilitoa kwa hiari."

"Ndiyo, mama," akasema, akarudi kwenye tope.

Ile "ndiyo, mama" yake imenikera mpaka sasa.

Jumamosi, tarehe 9
Jua kidogo saa nne, halafu likaghairi.

Mazoezi ya gwaride uani kwa mwenye magodoro. Tulikuwa watu thelathini na kitu. Mwingine ana presha, mwingine macho, mwingine mgongo. Lakini nilipoita "Kikosi! Mguu sawa!" migongo yote ilinyooka kama imepigwa pasi. Mpishi, aliyetupikia kambini miaka yote ile na anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu, alichechemea mstarini na kandambili mguu mmoja.

"Kiatu kiko wapi?" nikamfokea.

"Mguu umevimba, Sajini. Kiatu kimekataa amri."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Jumatano, tarehe 13
Mvua kubwa. Nimepita kwa Mpishi. Mguu wa kushoto umekuwa na kidonda kati ya vidole, na kina harufu. Bintiye anasema hospitali ya wastaafu inamtibu bure akija na kadi. Kadi iko kwa Kapteni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaifuata mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 15
Nimeifuata. Kapteni hayupo, atarudi Jumatatu.

Jumatatu, tarehe 18
Mvua haikukata. Ngazi za ofisi zina utelezi, nimeangukia makalio mara mbili. Mzigo: hasira.

Msichana wa mapokezi alinionyesha kadi zenyewe bila kujua ananionyesha nini. Zimo kwenye kopo la biskuti, zimefungwa mafungu kwa mpira wa nywele. Nikaona na yangu, na picha yangu ya zamani nikiwa na shavu. Nikanyoosha mkono kuchukua ya Mpishi, naye akafunika kopo. Hawezi, mpaka mkubwa aseme.

Mkubwa akasema hapana.

"Kadi haitoki kabla mkataba haujaisha, Sajini. Leo nikimtolea mmoja, kesho wote."

"Afande, mguu wake unaoza."

"Aende hospitali nyingine, alipie, alete risiti. Tutaangalia."

"Mkataba wenyewe unaisha lini?"

Aliniangalia kama alivyokuwa akiangalia gari chafu. "Wewe ni Mratibu wangu. Unataka kunivunjia nidhamu mbele ya wafanyakazi?"

Nikasema hapana, afande. Nikashuka. Nilipofika chini kwa mwenye magodoro ndipo nikagundua kuwa nilikuwa nimesimama mguu sawa muda wote nikizungumza naye, na nyonga hii. Nimejichukia leo.

Alhamisi, tarehe 21
Mvua. Binti wa Mpishi ameweka rehani cherehani yake. Amempeleka baba yake hospitali ya kulipia.

Jumamosi, tarehe 23
Wamemkata vidole viwili. Daktari alimwambia bintiye kwamba angekuja siku nane kabla, ingekuwa dawa na bendeji tu.

Siku nane kabla ni Ijumaa ile niliyoambiwa Kapteni atarudi Jumatatu.

Jumapili, tarehe 24
Mvua ya mfululizo, hakuna aliyetoka. Nimekaa na mume wangu mezani kwake pa kazi kuanzia chai mpaka adhuhuri, na naandika yote.

Nilitoa nakala yangu ya mkataba chini ya godoro. Miaka minne sijaisoma. Herufi zake ni ndogo kama chawa. Fundi alivaa ile lenzi yake ya jichoni, anayotumia kutazama magurudumu ya saa, akaanza kunisomea polepole, kwa sauti ileile anayosomea mteja bei.

"Kipengele cha nne. Mnufaika anakabidhi kadi kwa muda wote wa uhai wake."

"Rudia."

"Muda wote wa uhai wake. Kipengele cha sita. Mnufaika akitaka kuvunja mkataba, atalipa gharama zitakazopangwa na ofisi. Cha saba. Mnufaika anathibitisha kwamba amesoma, ameelewa, na ametoa kadi kwa hiari yake bila kushurutishwa. Sahihi. Sahihi ni yako, mke wangu. Naijua hiyo 's' yako inavyojikunja."

Nilimwambia aache. Hakuacha. Fundi hapandishi sauti, lakini akianza kufungua kitu hukifungua mpaka skrubu ya mwisho.

"Siku ile ulisoma?" akaniuliza.

"Hakukuwa na nafasi ya kusoma."

"Ilikuwaje?"

Basi nikamweleza jambo ambalo sijamweleza mtu, kwa sababu sikuwahi kuliona kuwa ni jambo. Kapteni alitupanga mstari ofisini. Alivaa koti la sare. Akaita kwa sauti ya kambini: "Jina, namba, cheo!" Mmoja mmoja tukataja, na msichana akaandika. Kisha: "Kadi mezani! Kalamu! Sahihi hapa! Anayefuata!" Dakika kumi watu ishirini walikuwa wamemaliza. Tulitoka tunacheka, tukisema kumbe bado tumo. Tulifurahi kupewa amri tena. Mtu ambaye hajakaa jeshini hawezi kuelewa, atadhani sisi ni wajinga. Si ujinga. Kuna miaka ambayo kama ungeanza kwa kuuliza "kwa nini", ungekufa na ungeua mwenzako. Wakatufundisha mwili ujibu kabla ya kichwa, na walitufundisha vizuri.

"Na wale kumi na saba?" Fundi akauliza.

"Niliwapanga mimi. Na sauti ilikuwa yangu."

Akavua lenzi. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno. Nilivikwa kilemba cha ukoka, nikatembea nacho miaka minne mtaani nikidhani ni taji.

Jumanne, tarehe 26
Manyunyu. Hospitali.

Mpishi amelala mguu juu ya mto. Nilianza kumpa pole, akanikata.

"Ni wewe uliyenipeleka, Sajini."

"Ni mimi."

"Nilikuwa sitaki. Nilisema kadi yangu naitunza kwenye debe la unga. Ukanifokea mbele ya watu kwamba sina nidhamu."

"Nilikufokea."

Akageukia ukutani. Nilikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, naye hakugeuka. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua, lakini mtu anaweza kutafuta aliyepiga teke ndoo.

Jumatano, tarehe 27
Kofia ya Mratibu nimeifanya kitambaa cha kufutia masizi.

Jumapili, tarehe 1
Mvua, mwezi mpya, tope lilelile. Nimewapitia wenzangu sita kati ya kumi na saba. Nawaomba waje wakaseme mbele ya kamati kwamba walidanganywa. Wote sita wamekataa. Mpiga tarumbeta wetu wa zamani alinikaribisha chai, akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Wajukuu wangu wanajua babu alikuwa shujaa. Unataka wajue babu aliuziwa mbuzi kwenye gunia?"

Nikamwambia tapeli anaishi kwa aibu hiyohiyo. Akaniongezea sukari.

Jumatano, tarehe 4
Mvua. Mzigo: bahasha moja, nzito kuliko ilivyo.

Kapteni amekuja nyumbani. Ameketi kwenye kiti cha wateja wa saa, ameweka mwavuli wake mlangoni vizuri, akamuuliza Fundi habari za biashara. Ana adabu zake, sitamnyima. "Nimemletea mkeo hotuba," akamwambia Fundi. Kurasa mbili, zimechapwa. Ninatakiwa nisome kwamba sisi wastaafu tunaomba maneno "hata kwa hiari ya mwenyewe" yafutwe kwa sababu yanatudhalilisha, yanatufanya watoto.

"Utasema, Sajini?"

"Nitasema, afande."

Akapigapiga goti lake, akaridhika, akanywa chai yote. Akiwa mlangoni akaangalia moto wa jikoni kidogo, akasema bila kunitazama, "Huwa naota lile lori mpaka leo." Namwamini. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba aliyenitoa na anayetuibia ni mtu mmoja, na mkono ni uleule.

Fundi alisubiri hatua zake ziishe nje. "Umemwambia utasema," akasema.

"Si nimesema nitasema? Nimemwambia nitasema nini?"

Ijumaa, tarehe 6
Mvua. Fundi amepanda juu ya paa na bati kipande. Sasa panavuja pengine.

Jumatatu, tarehe 9
Nimekutana na karani wa kamati sokoni, chini ya turubai. Nikamuuliza kama mtu aliyewapeleka wenzake kwa tapeli anaweza kushtakiwa. Akasema sheria mpya hairudi nyuma, lakini nikikiri hadharani, hawezi kunizuilia midomo ya watu. Nikamwambia midomo ya watu naijua, nimekula nayo kambini. Akauliza kama nina shahidi. Nikasema ninao arobaini, ila hawajui.

Alhamisi, tarehe 12
Hali ya hewa: mvua ya mawe asubuhi, kisha ya kawaida. Barabara: nilifika. Mzigo: nitaandika mpaka mwisho.

Ukumbi una paa la bati, na mvua ilipiga kiasi kwamba kipaza sauti hakikusaidia kitu. Wajumbe saba mezani, Mwenyekiti mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba. Upande wetu wastaafu arobaini na mmoja, bereti na nishani, wamepangwa kwa safu na Kapteni mwenyewe. Mpishi alikuwa safu ya nyuma, magongo mawili chini ya kiti. Hakunitazama. Fundi alikaa kwa raia.

Kapteni alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. "Waheshimiwa, hawa si watoto. Ni watu waliolinda mipaka. Anayesema askari hajui hiari yake ni ipi, anamtukana." Makofi. Hata mimi mikono iliniwasha. Kisha akageuka: "Kikosi! Waliotoa kadi kwa hiari yao, mguu sawa!"

Viti arobaini na kimoja vilikwaruza sakafu kwa pamoja. Mpishi alisimama pia, kwa kushika kiti cha mbele. Kapteni akawaambia wajumbe, "Ushahidi ndio huo," akakaa.

Nikaitwa mimi, Mratibu, nisome. Niliiacha hotuba juu ya kiti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "kabla sijatoa maoni, naomba niwaonyeshe hiari ya askari ilivyo. Haichukui dakika."

Akaniruhusu. Nikawapa wajumbe mgongo, jambo ambalo si adabu, nikawaelekea wenzangu. Nikavuta pumzi mpaka chini kwenye nyonga. Sauti ile sijaitoa kwa nguvu zote tangu nivue sare.

"Kikosi! Mkono wa kushoto! Shika sikio!"

Hakuna jeshi duniani lenye amri hiyo. Waliduwaa kwa muda wa kufumba jicho. Kisha mikono ikapanda, safu kwa safu, wanaume na wanawake wenye nishani, kila mmoja akashika sikio lake. Askari wa mlangoni, ambaye si mwenzetu, alishika pia. Kapteni mkono wake ulifika usawa wa kifua, akautia mfukoni.

Mjumbe mmoja alianza kucheka, akaacha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewaaibisha watu ninaowapenda, kwa makusudi, na moyo uliniuma vibaya.

"Shusha," nikasema, kwa sauti ya kawaida. "Naombeni radhi. Mheshimiwa, sasa muulize mmoja wao. Yeyote."

Mwenyekiti akaangalia, macho yakaenda nyuma kwa mwenye magongo. "Mzee, kwa nini umeshika sikio?"

Mpishi akafikiri. "Amri, mheshimiwa."

"Hukujiuliza amri hiyo ni ya nini?"

"Jeshini ukijiuliza unamenya viazi mpaka ustaafu. Na mimi nilimenya hivyohivyo, kwa kuwa nilikuwa mpishi."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti alisubiri wamalize.

"Na kadi yako, mzee, uliitoaje?"

Kapteni aligeuza shingo kumtazama. Mpishi alimtazama Kapteni, kisha kwa mara ya kwanza tangu hospitali akanitazama mimi.

"Hivyohivyo," akasema.

Akakaa. Na aliyekuwa karibu naye, mpiga tarumbeta, akasema bila kuulizwa, "Hata mimi hivyohivyo." Ikaanza kwenda safu kwa safu, wengine kwa sauti, wengine wakitikisa kichwa tu. Si wote. Kama kumi na wawili walikaa wakitazama mbele, na sitawasema vibaya.

Kapteni alisimama. "Huu ni mchezo wa watoto! Sajini, mimi ndiye niliyekutoa motoni."

Nilikuwa nimeliwaza neno hilo wiki nzima, nikijua atalisema.

"Ulinitoa, afande. Nilikushukuru siku ile, nikakushukuru kila mwaka, na leo nakushukuru mbele ya kamati ili iandikwe. Lakini hukunitoa ili unimiliki."

Kisha nikasema langu. Kwamba watu kumi na saba ukumbini humo niliwapeleka mimi, kwa sauti hiyohiyo waliyoisikia. Kwamba nililipwa kiti. Kwamba mwenzetu mmoja amepoteza vidole viwili wakati kadi yake imelala kwenye kopo la biskuti. "Mnaambiwa maneno haya matano yanatudhalilisha," nikasema. "Kilichotudhalilisha mmekiona sasa hivi. Askari hana haja ya kulindwa dhidi ya adui, huyo tunamweza. Tulindwe dhidi ya sauti tunayoiamini. Mkiyafuta maneno haya, msituite tena kwenye sherehe zenu kutuvisha maua."

Hiyo ya maua haikuwemo kwenye mpango. Ilitoka tu.

Ijumaa, tarehe 13
Mvua. Sauti imekauka. Fundi ananipa maji ya moto, haongei, anatabasamu peke yake kama mtu aliyepata kipande cha saa kilichopotea.

Jumanne, tarehe 17
Chama cha wastaafu kimenifukuza uanachama kwa "kudhalilisha wenzake hadharani". Barua imeandikwa vizuri. Nimejibu kwa sentensi moja: kosa nakubali, msamaha nimeshaomba, na ningelirudia kesho asubuhi. Mlangoni kwetu mtu amepaka tope. Kwa mvua hii mtu kupoteza nguvu zake kupaka tope!

Alhamisi, tarehe 26
Binti wa Mpishi kaleta bakuli la viazi. Vimemenywa. Hakuna ujumbe. Nimekula vyote, Fundi nikamwachia viwili.

Jumapili, mwezi mwingine, tarehe 5
Mvua inapungua. Karani amepita. Kamati imegawanyika, wanne kwa watatu, lakini maneno matano yamebaki. Yanaenda Bungeni hivyohivyo. Nilimkumbatia akiwa na viatu mkononi, tukachafuana.

Ijumaa, tarehe 17
Jua. Redio imesema muswada umepita. Walisoma vifungu haraka kama matangazo ya dawa, nikaongeza sauti kwenye cha tisa. "...hata kwa hiari ya mwenyewe." Mtangazaji akaendelea na mpira. Fundi hakuinua kichwa kwenye saa aliyokuwa akiifungua, lakini mkono wake ulinitafuta chini ya meza.

Jumatatu, tarehe 27
Hali ya hewa: kavu. Barabara: ngumu, imepasukapasuka.

Leo ofisi imefunguliwa mbele ya polisi wawili na karani wa kamati. Sheria imetoa siku kumi, na ya leo ni ya kumi. Tulijaa ngazini mpaka dukani kwenye magodoro, wale wa "hivyohivyo", na hata baadhi ya wale kumi na wawili.

Kapteni alikuwa mezani kwake, bila koti. Amezeeka. Alisukuma kopo kuelekea kwangu.

"Wasomee majina, Sajini," akasema. "Wapange mstari, wataje namba, uwagawie. Ndivyo walivyozoea."

Na wao nyuma yangu walikuwa wameshaanza kujipanga. Nilisikia viatu vyao vikisogea, bega likitafuta bega. Mtu akakohoa akaweka koo sawa ili ataje namba yake. Ingechukua dakika kumi, tena ingekuwa nzuri kutazama.

Nikamimina kadi zote mezani, zikasambaa, nyingine zikaanguka chini. Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sisomi jina la mtu," nikasema. "Kila mmoja atafute yake."

Ilikuwa fujo. Walisukumana, walikanyagana, wakagombana. Mwingine alichukua ya mwenzake akafika ngazini akarudi. Waliosahau miwani walishikia kadi mbali na uso. Polisi walichoka wakakaa. Saa mbili nzima, na sikufungua mdomo, ingawa nyonga yangu ilinitukana.

Mpishi alikuwa wa karibu mwisho. Aliipata yake chini ya meza, akaifuta kwenye suruali, akaja nayo kwa magongo mpaka ukutani nilipokuwa.

"Sajini, nikaitunze wapi sasa?"

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Ni yako."

Alisimama akiigeuzageuza. Kisha akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akashuka ngazi mwenyewe.